MTOTO AKIUNGUA, MAJI KWANZA

Jioni katika vijiji vya Karagwe na Kyerwa kazi ni nyingi. Mama ameteleka ndizi na maharage. Mafiga yako chini. Mtoto mdogo anatambaa. Mwanga wa moto unamvutia. Anashika sufuria, nayo inapinduka.

Watoto wengi huungua hivyo, jikoni mwao. Walio katika hatari zaidi ni wale wa chini ya miaka 5. Ngozi yao ni nyembamba, kwa hiyo uji au chai ya moto huwaunguza sana.

Ndugu msomaji, utafanya nini?

MWAGIA MAJI
Mwondoe mtoto penye moto. Nguo yake ikiwaka, mlaze chini na umfunike kwa blanketi zito mpaka moto uzimike. Kisha mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Joto likishaingia katika ngozi huendelea kuunguza. Maji hulipunguza. Usitumie barafu.

Maji ya kuchota bondeni ni kazi kubwa. Wengine huona uchungu kuyamwaga. Lakini maji yatachotwa tena kesho. Weka beseni safi chini, uyakinge, uyamwagie tena. Hata kama umechelewa saa moja au mbili, maji bado yanasaidia.

Mvue nguo na shanga mapema, kabla mwili haujavimba. Nguo iliyogandamana na ngozi usiivute. Sehemu ambazo hazikuungua zifunike, mtoto asishikwe na baridi.

USIPAKE KITU
Usipake unga, udongo, mayai, samli, dawa ya meno wala manyoya ya sungura. Vitu hivi huingiza vijidudu katika kidonda. Tena humzuia mganga wa zahanati kuona kidonda kilivyo. Malengelenge usiyatumbue. Funika kidonda kwa kitambaa safi kilichofuliwa na kukaushwa juani.

MPELEKE ZAHANATI
Kiganja cha mtoto pamoja na vidole vyake ni kama sehemu 1 kati ya 100 za mwili wake. Akiungua sehemu inayozidi kiganja chake, mpeleke zahanati siku ile ile. Mpeleke pia akiungua uso, mikono, miguu, sehemu za siri au maungo, au ngozi ikiwa nyeupe au nyeusi. Akiungua viganja 10 au zaidi, maisha yake yako hatarini. Mwili hupoteza maji mengi. Mnyonyeshe au mpe maji ya kunywa kidogo kidogo njiani. Zahanati itampeleka hospitali, kama Nyakahanga kwa Karagwe au Isingiro kwa Kyerwa.

Chukua kadi yake ya kliniki. Mganga ataona kama amechanjwa pepopunda.

Kidonda kikipona vibaya, vidole hushikamana au shingo hujikunja. Kwa hiyo fuata mazoezi utakayoelekezwa.

TUZUIE
Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Baba na mama, fanyeni haya:
- Jengeni jiko la udongo lililoinuka. Kama bado mnatumia mafiga, zungusheni uzio wa miti.
- Msimbebe mtoto wakati wa kuepua au kupakua.
- Koroboi iwekwe juu, mbali na mkeka na chandarua.
- Mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya soda.
- Mtoto asiachwe jikoni na mtoto mwenzake.
- Mwenye kifafa asikae peke yake karibu na moto. Kifafa kina dawa. Apelekwe hospitali, na dawa anywe kila siku.

Uzio wa jiko hujengwa kwa siku moja. Miti ipo katika vibanja vyetu. Kovu la moto hudumu maisha yote. Tuanze leo, kabla ya kuteleka chakula cha jioni.