Usukani unapotetemeka njiani

Sisi wamama tunaosafiri na watoto kati ya Lubumbashi na Likasi, karibu kilometa 120, tuangalie mikono ya shofere. Usukani ukitulia mjini, kisha ukatetemeka gari likifika kilometa 80 au 100 kwa saa, mara nyingi gurudumu la mbele halina uzito sawa: kipande cha risasi kimeanguka, au matope yameganda ndani ya janti. Ukitetemeka akikanyaga freni tu, ni diski. Shofere atasema ni barabara. Lami nzuri haitetemeshi usukani. Mtetemeko ukizuka ghafla, tumwombe asimame, akaze buloni, atazame mipira. Mpira ukiwa umevimba ubavuni naye anataka kuendelea, tushuke na watoto, hata nauli ikipotea.