Kufungia watu nyumbani: kila nchi ilifanya namna yake

Ugonjwa wa Korona ulipoenea mwaka 2020, redio zote zilisema jambo moja: watu wabaki nyumbani. Lakini nchi hazikulifanya kwa namna moja. Kwa familia iliyokimbia vita, inayokula leo ilichopata leo, tofauti hizo ni kubwa sana.

China ilitangulia. Mji wa Wuhan, wenye watu milioni 11, ulifungwa tarehe 23 Januari 2020, ukafunguliwa siku 76 baadaye. Kamati za mitaa zilisaidia kufikisha chakula karibu na nyumba za watu.

India ilifanya kwa haraka mno. Tarehe 24 Machi, saa mbili usiku, Waziri Mkuu Narendra Modi alitangaza kwamba nchi nzima itafungwa usiku huo huo, saa sita. Muda wa saa nne tu! Treni na mabasi yalisimama. Vibarua wa mijini, bila kazi wala pesa ya nyumba, walirudi vijijini kwa miguu, wengine mamia ya kilometa. Amri ya kuzuia watu kutembea ikawatia watu njiani. Afrika Kusini ilitoa siku tatu za kujitayarisha.

Kwetu Kongo, gavana wa Kinshasa alitangaza kwamba mji wote utafungwa kuanzia tarehe 28 Machi, siku nne kwa nne, na nafasi ya kununua chakula katikati. Watu wakakimbilia sokoni, bei zikapanda mara moja. Kabla siku kufika, amri ikaahirishwa. Tarehe 6 Aprili ikafungwa komine ya Gombe peke yake. Kwa maoni yetu, kurudi nyuma kule hakukuwa aibu.

Rwanda ilifunga tarehe 21 Machi, nayo bila kutoa muda mwingi. Lakini siku chache baadaye viongozi wa mitaa ya Kigali waliandika nyumba zenye shida, na unga, mchele na maharagwe vikapelekwa humo. Burundi na Tanzania hazikufungia watu nyumbani. Tanzania iliacha pia kutangaza hesabu ya wagonjwa, basi ni vigumu kulinganisha.

Kiongozi wa kambi akiletewa amri ya namna hii, anaweza kuuliza: Itaanza lini? Itadumu siku ngapi? Nani ataleta chakula? Bomba la maji litafunguliwa saa ngapi? Mama mwenye uchungu usiku atapita wapi? Na familia tatu zinazolala katika hema moja, zitatengana namna gani?

Hata mpaka wa Goma na Gisenyi ulifungwa mwezi Machi. Malori ya bidhaa yalipita, lakini akina mama wanaobeba mboga kichwani walizuiwa. Baadaye baadhi yao walijiunga kwa vikundi, wakapakia bidhaa zao pamoja katika lori moja, na biashara ikaendelea kidogo kidogo.