Kwenye barua ya Kiingereza, "ya muda" si neno moja

Wapo majirani wanaoniletea barua za Kiingereza niwasomee: za kazi, za ardhi, za hospitali. Swali lao mara nyingi ni moja: "Mwalimu, hii ni ya muda?" Ndiyo, ni ya muda, lakini jibu hilo halitoshi. Sisi husema "ya muda" tukaelewana. Kiingereza kina vivumishi vingi vya mambo yasiyodumu, na kila kimoja kina habari yake. Kimoja kinaeleza urefu, kingine kinaeleza kwa nini jambo litaisha. Ukivichanganya waweza kupoteza haki yako.

Tuanze na "temporary". Wengi hudhani maana yake ni fupi. Sivyo. Linasema tu kwamba kitu si cha kudumu. Halisemi kitakaa siku ngapi. Mtu aweza kukaa miaka mingi kwenye ardhi ya serikali kwa leseni ya "temporary occupation", akajenga, akalea watoto, na leseni ile bado si hatimiliki.

"Casual" ni kibarua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaja kuwa ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku, asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Hapa muda una uzito. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi mmoja, ajira yake huhesabiwa kuwa ya mshahara wa mwezi. Mwajiri basi hawezi kumwambia tu, "Kesho usije." Ni lazima ampe ilani.

"Seasonal" wanalijua vyema wafanyakazi wa hoteli. Ni kazi ya msimu: wageni wakipungua inaisha, wakirudi inarudi. Lakini neno lenyewe halisemi kwamba utakayeitwa ni wewe. Hilo liulize kabla ya kutia sahihi.

"Provisional" na "interim" ni maneno ya kungoja. La kwanza ni la kitu kilichotolewa kabla ya kuthibitishwa, kama leseni ya anayejifunza udereva. La pili ni la kinachoshika nafasi hadi mwenyewe aje. Tume ya uchaguzi iliyoundwa mwaka 2009 iliitwa "interim", na mwaka 2011 ikaipisha IEBC. Amri ya mahakama iliyo "interim" nayo haijakupa ushindi. Imezuia jambo tu hadi kesi isikizwe.

Hospitalini kuna "transient", yaani kinachopita chenyewe. Mtu mdomo umempinda au mkono umekufa ganzi, baada ya dakika chache akarudi sawa, na daktari akaandika neno hilo. Nyumbani watu hushukuru kwamba yamepita. Kilichopita ni dalili. Kiharusi kamili chaweza kufuata, hasa siku chache za mwanzo, kwa hivyo mgonjwa asikose dawa wala miadi yake.

Yamebaki maneno ambayo watoto wetu hukutana nayo kwenye insha. "Brief" ni fupi lakini limekamilika, kama hotuba ya dakika tatu. "Momentary" ni la kufumba na kufumbua, kama stima inapopotea na kurudi kabla hujatafuta kiberiti. "Fleeting" ni la kinachopita mbio hata usikishike, kama sura ya mtu uliyemwona dirishani mwa matatu. "Ephemeral" lilitoka kwenye Kigiriki, na asili yake ni kitu cha siku moja. Kikuba cha asumini kinachonukia usiku na kunyauka asubuhi kinalistahiki neno hilo. Mkataba wa kazi haulistahiki.

Kwa hivyo ukipewa karatasi yenye neno lolote kati ya haya, uliza mambo matatu: itaisha tarehe gani, nani ana uwezo wa kuimaliza, na ikiisha mimi nabaki na nini? Majibu yaandikwe kwenye karatasi ileile. Wakikwambia tu "ni ya muda", hawajakujibu. Ukiwa na shaka kuhusu kazi, ofisi ya leba ipo. Kuhusu ardhi, tafuta wakili kabla hujatoa hata shilingi.