Sekunde Ishirini na Sita

Tarehe 28 Julai 2024, katika ukumbi wa Paris La Défense Arena, msichana wa miaka 17 aitwaye Mashael Alayed alijitosa bwawani kuogelea mita 200 za mtindo huru. Aligusa ukuta kwa dakika 2 na sekunde 19.61. Kabla yake Saudi Arabia haikuwahi kupeleka mwogeleaji mwanamke kwenye Olimpiki. Kesho yake Mollie O'Callaghan wa Australia alitwaa dhahabu ya mbio hizo kwa dakika 1 na sekunde 53.27. Tofauti yao ni sekunde 26 na ushei, nami nataka tuzitafute zilikopotelea.

Tuanze na maji yenyewe. Ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, na anayeongeza mwendo maradufu hukuta yakimzuia mara nne zaidi. Ndiyo maana nguvu peke yake haimfikishi mtu mbali. Mwogeleaji hodari hulala sawasawa, kichwa na nyonga katika mstari mmoja, kiwiko kikibaki juu huku kiganja kikivuta. Mwili huyazoea haya utotoni, mbele ya kocha, kwa miaka mingi. Asiyeyapata mapema hulipa kwa kila mkono anaozungusha, na mita 200 zina mikono mingi.

Sasa mfikirie mtoto wa kike wa Riyadh, mji wa jangwani, ambako asiye na bwawa hana pa kuogelea. Shule za serikali za wasichana ziliruhusiwa kufundisha elimu ya viungo mwaka 2017 tu. Viwanja vya mpira viliwafungulia wanawake milango Januari 2018, na mechi ya kwanza ilikuwa Jeddah. Wakati huo Mashael alikuwa bado mtoto, na miaka ya kuufinyanga mwili ilikuwa tayari inapita.

Jeddah ina Bahari ya Shamu, lakini bahari hufunza mambo mengine: stahamala, mawimbi, mikondo. Daktari wa meno Mariam Binladen ameyathibitisha hayo. Mwaka 2016 aliogelea mto Thames, na mwaka 2022 akavuka kwa kuogelea kutoka Saudi Arabia hadi Misri. Mbio za bwawani zinadai kocha, saa na ukuta wa kugeukia.

Mlango huo haukufungwa Saudi Arabia peke yake. Wanawake waliruhusiwa kuogelea na kupiga mbizi katika Olimpiki kwa mara ya kwanza Stockholm, mwaka 1912. Greta Johansson wa Sweden alishinda upigaji mbizi, na Fanny Durack wa Sydney akashinda mita 100 za mtindo huru kwa dakika 1 na sekunde 22.2. Nusura Durack asiende. Chama cha waogeleaji wanawake wa New South Wales kilikataza wanachama kushindana mbele ya wanaume, na aliyeitetea sheria hiyo kwa nguvu zote alikuwa Rose Scott, mwanamke aliyepigania haki ya wanawake kupiga kura. Sheria ilipolegezwa, Scott alijiuzulu uongozi wa chama hicho. Hoja za stara zilizosikika Riyadh zilikwisha kusikika Sydney, tena kutoka kinywani mwa mpenda haki. Lakini mlango ulipofunguka, kasi ilifuata: mwaka 2017 Sarah Sjöström wa Sweden aliogelea mita hizo 100 kwa sekunde 51.71.

Mashael alifika Paris kwa nafasi maalumu wanazopewa waogeleaji wa nchi ambazo bado hazijafikia viwango. Wapo wanaoziona nafasi hizo kama sadaka. Mimi naziona ni haki, kwa sababu mchezo uliowafungia watu mlango hauwezi kuwadai kasi ya waliokuwa ndani siku zote.

Lakini nafasi moja haitoshi. Durack alikuwa na Mina Wylie, rafiki na mpinzani aliyemfuata kwa medali ya fedha Stockholm. Baba yake Mina alikuwa amejenga mabwawa ya kuogelea Coogee mwaka 1907. Mashael alikuwa mwanamke pekee katika timu ya Saudia ya kuogelea, na mwenzake alikuwa kijana wa kiume, Zaid Alsarraj. Sekunde zile zitapungua Riyadh na Jeddah siku wasichana wanane wa miaka kumi watakapojipanga kila asubuhi kwenye bwawa moja, kila mmoja akitaka kumpita wa njia ya pili.