Sauti Iliyovuka Kizingiti

Hadithi katika nchi ya Malolo, hapo upande wa Ruangwa, kusini mwa Tanzania, ambapo korosho na ufuta ndiyo riziki ya watu, haikuwa na haja ya ukumbi wala tikiti; ilitosheka na kivuli, mzee mwenye kumbukumbu, na hadhira ya watoto wenye kuitikia. Nalitaja neno hilo la mwisho kwa makusudi, maana msimulizi asiyeitikiwa hunyamaza, na kila aliyewahi kuketi jioni miguuni pa bibi yake anajua ya kuwa swali la mtoto, na kicheko chake, na hofu yake, ndivyo vinavyoamua kama hadithi irefuke au ikatike. Basi lilipokuja gonjwa ambalo kinga yake ya kwanza ilikuwa watu kukaa mbalimbali, fasihi ilipigwa pale pale penye uhai wake.

Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020, na Tanzania tarehe 16 ya mwezi huo huo. Kesho yake serikali ya Tanzania ikaamuru shule zifungwe. Wakulima waliendelea na mashamba yao, misikiti na makanisa yakabaki wazi, lakini darasa, ambalo kwa watoto wengi wa vijijini ndilo mahali pekee wanapokutana na kitabu, lilifungwa kwa shule za msingi hadi tarehe 29 Juni.

Jumuiya za fasihi zisizotafuta faida, yaani zile zinazoendesha maktaba, mafunzo ya uandishi na vikao vya wasomaji kwa misaada na kwa kujitolea, zilijikuta katika dhiki ya namna yake. Chukua mfano wa Book Bunk ya Nairobi, iliyoasisiwa mwaka 2017 na Angela Wachuka na Wanjiru Koinange ili kuzihuisha maktaba za umma za mji huo, ikiwamo McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931 na ambayo kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusomea humo. Jumuiya kama hiyo kazi yake yote ni kuwarudisha watu ndani ya jengo. Ikiwa jengo lenyewe ndilo la kuogopwa, itaanzia wapi?

Jibu lililo hodari kuliko yote niyajuayo lilitoka Nairobi hiyo hiyo, wala halikutoka katika ofisi yenye fedha. Mwandishi Zukiswa Wanner, aliyekuwa akiishi mjini humo, aliwakusanya waandishi 16 wa Kiafrika na kuanzisha, mwezi huo huo wa Machi, tamasha alilolipa jina la Afrolit Sans Frontières, kwa maana ya fasihi ya Afrika isiyojua mipaka. Kila mwandishi alipewa zamu yake, akaketi nyumbani kwake mbele ya simu, akasoma sehemu ya kazi yake katika Facebook au Instagram, kisha akajibu maswali ya watazamaji papo kwa papo. Hapakuwa na kiingilio. Mwaka ule ule Wanner alitunukiwa Nishani ya Goethe ya Ujerumani.

Naona siri ya kufaulu kwake ilikuwa katika yale maswali. Wengi katika siku zile walirekodi mihadhara yao na kuiacha mtandaoni, ikakaa kama barua isiyo na anwani. Yeye alifahamu ya kuwa ukumbi unaweza kuachwa na kiti kinaweza kuachwa, lakini kuitikiana hakuachwi. Hata hivyo, na nasema haya kwa mapenzi na heshima ya kazi ile, mlango wake ulikuwa mwembamba. Asiye na simu janja, au mwenye nayo lakini bando likamwishia katikati ya usomaji, hakuingia. Na katika vijiji vyetu vya kusini watu wa namna hiyo si wachache.

Lakini nchi hii ilikwisha kufundishwa njia nyingine. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio: kipindi kilisikika, kijitabu kikasomwa kwa sauti na anayejua kusoma, kikundi kikajadiliana, kisha watu wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Katika utaratibu ule asiyejua kusoma hakuwa mgeni, kwa sababu sauti ilimfikia na jirani akamsikiliza naye. Na kabla ya redio, huko Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga utenzi wa vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambao mwaka 1957 ulichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Tenzi ni maneno yaliyotungwa yaghaniwe, na kwa kughaniwa humfikia hata yule ambaye hajapata kushika kalamu maishani mwake.

Laiti jumuiya za fasihi za miji yetu, ambazo sasa zimezoea kuwa na watazamaji wa mbali, zingeyaunganisha mambo haya mawili, sauti na kuitikiana! Vijana wetu wanajua namna nyimbo zinavyosafiri bila intaneti: mtu hufika kibandani, akalipa kidogo, akajaziwa memori kadi, na jioni redio ndogo ya mkulima ikaimba shambani. Hadithi nayo yaweza kupita njia hiyo hiyo, ikisomwa na mwandishi wake kwa Kiswahili safi, ikifuatana na karatasi chache za maandishi kwa ajili ya yule mmoja kikundini atakayeisoma tena. Yanayobaki ni madogo ila ndiyo ya thamani: mwalimu au kijana mwenye simu ayaandike maswali yaliyoulizwa chini ya mkorosho, apande mahali penye mtandao, na kumpelekea mwandishi, ili wiki ijayo jibu lirudi kwa sauti ile ile, likitaja Malolo kwa jina, mbele ya mtoto aliyeuliza.