Thamani ya Fedha za Nchi Mbalimbali

Watu wengi hudhani ya kuwa nchi ambayo fedha yake huhesabiwa kwa maelfu ni nchi maskini, na kwamba sarafu nzito ndiyo sarafu bora. Dhana hizi huwatia watu hasara, hasa wale wanaofanya biashara na wenzetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Basi twataka kueleza, kwa mifano ya nchi ya Mpanda na majirani zake, jinsi thamani ya fedha inavyopimwa, ili kila msomaji aweze kujihesabia mwenyewe kabla ya kupokea fedha asiyoizoea.

Zamani, kabla ya sarafu kuenea bara, watu walinunua vitu kwa nguo na shanga. Nguo ya merikani ilipimwa kwa shuka na doti, doti moja ikiwa shuka mbili. Shanga zilihesabiwa kwa kete na fundo, kete 10 zikiwa fundo moja. Stanley, aliyepita Ukonongo mwaka 1871 akienda Ujiji kumtafuta Livingstone, aliandika kwamba msafiri alipaswa kujua kila nchi yataka shanga gani. Shanga nyeupe zilipendwa Ufipa, lakini katika Ukonongo zilidharauliwa. Mtu aliyebeba mzigo wa shanga zisizotakiwa alikuwa na mali kule alikotoka, na huku alikofika alikuwa na mzigo tu. Hili ndilo jambo la kwanza la kufahamu: fedha ni mali pale tu ambapo mwenzako yu tayari kuipokea.

Baadaye zikaja sarafu za fedha halisi, nazo zilipimwa kwa uzito wa madini yaliyomo. Reale ya Maria Theresa, iliyotumika sana Unguja na pwani, ina uzito wa gramu 28, na ndani yake mna fedha safi gramu 23 na zaidi kidogo. Rupia ya Bara Hindi ilikuwa na uzito wa gramu 11 na zaidi ya nusu, na fedha safi yake ilikaribia gramu 11. Ukigawanya utaona kwamba reale moja ina fedha ya rupia mbili na kidogo, na hivyo ndivyo wafanya biashara walivyozibadilisha. Mizani ndiyo iliyoamua. Wadachi walipotoa rupia yao katika nchi hii, waliifanya kwa uzito ule ule wa rupia ya Bara Hindi, ili watu wasiikatae.

Lakini hata sarafu za nchi moja zaweza kumpoteza asiyejua hesabu. Mwanzoni rupia ya Wadachi iligawanywa kwa pesa 64. Kisha, kuanzia mwaka 1904, ikagawanywa kwa hela 100. Rupia ilibaki ile ile, ila vipande vyake vilibadilika, na pesa 16 zikawa sawa na hela 25. Mtu aliyekuwa na pesa 64, akakubali kupewa hela 64, alidhani amebadilishana sawa kwa sawa, kumbe amepoteza hela 36, yaani zaidi ya theluthi moja ya mali yake. Majina hayo mawili yamebaki katika lugha yetu, na leo husema pesa au hela bila kutofautisha. Siku zile tofauti yake ilikuwa chakula cha watoto.

Vita vya mwaka 1914 vilileta fundisho jingine. Manowari za Waingereza zilifunga pwani, na sarafu mpya hazikuweza kufika kutoka Ulaya. Wadachi wakachapa noti hapa hapa nchini, na mwaka 1916, huko Tabora, wakatengeneza sarafu katika karakana ya reli. Zilikuwamo hela 5 na hela 20 za shaba, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, ambayo dhahabu yake ilitoka machimbo ya Sekenke. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora. Mwenye sarafu ya dhahabu alibaki na dhahabu yake. Mwenye noti alibaki na ahadi ya serikali iliyokuwa ikiondoka. Yafaa tukumbuke kwamba noti ni ahadi, na ahadi ina nguvu sawasawa na yule aliyeitoa.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba fedha isiyo na madini ya thamani ni fedha mbaya. Tazameni shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza kutengenezwa mwaka 1921. Rupia moja ilibadilishwa kwa shilingi mbili, na shilingi mbili hizo zilikuwa na fedha safi gramu 4 hivi, yaani kama theluthi moja tu ya fedha iliyokuwamo katika rupia. Lakini shilingi haikuanguka. Sababu yake ni kwamba Bodi ya Sarafu, iliyokaa London, iliahidi kuibadilisha kwa paundi ya Uingereza, shilingi 20 kwa paundi moja, na ahadi hiyo ikatimizwa. Watu waliacha kupima madini, wakapima uaminifu.

Pamoja na hayo, sarafu yaweza kubaki vile vile mfukoni, na thamani yake ikabadilika. Kabla ya vita ile rupia 15 zilikuwa sawa na paundi moja. Mwaka 1920 rupia ikawekwa sawa na shilingi mbili, hata rupia 15 zikawa paundi moja na nusu. Mkulima aliyeuza mazao yake London kwa paundi, naye alikuwa na deni la rupia nyumbani, aliona deni limeongezeka kwa nusu bila yeye kukopa hata senti. Tena, mwezi wa Septemba mwaka 1949, Uingereza ilishusha paundi kutoka dola 4.03 za Marekani hadi dola 2.80. Shilingi ya hapa ilifuata paundi, na kwa siku moja ikashuka kutoka senti 20 za Marekani hadi senti 14. Sarafu yenyewe haikubadilika rangi wala uzito.

Sasa turudi kwenye dhana ya mwanzo. Shilingi ya Tanzania ilipoanza mwaka 1966, dola moja ilikuwa shilingi 7 na kidogo. Mwaka 2023 dola moja ilifika karibu shilingi 2,500. Kushuka huku ni kweli, nako kumemuumiza aliyeficha noti chungu miaka mingi. Lakini wingi wa tarakimu peke yake haupimi utajiri. Yeni ya Japani huhitajiwa zaidi ya 100 kupata dola moja, na Japani ni nchi tajiri. Dinari moja ya Kuwait huzidi dola tatu, wala hatusemi kwamba Mmarekani ni maskini. Zambia, jirani yetu, mwaka 2013 iliondoa sufuri tatu, na kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1 mpya. Mtu aliyelala na ng'ombe mmoja aliamka na ng'ombe mmoja yule yule.

Tutoe mfano wa kumfaa mfanya biashara wa Karema anayeuza mchele kwa mtu wa Kongo. Tuseme dola moja ni shilingi 2,500 zetu, na dola hiyo hiyo ni faranga 2,750 zao. Basi faranga 11 ni sawa na shilingi 10. Akipokea faranga 1,100,000 na kuzihesabu moja kwa moja kama shilingi, atadhani amepata milioni moja na laki moja, kumbe amepata milioni moja tu. Laki moja imepotea, wala hakuna aliyeiba. Hesabu hii ni ya mfano. Bei hubadilika kila siku, nayo yapasa kuulizwa benki kabla ya kukubaliana.

Kwa hiyo walimu wawafundishe watoto hesabu hii shuleni, na wazee wawaulize vijana wao maswali matatu kila wanapopokea fedha ngeni: Nani aahidi kuilipa? Leo yabadilishwa kwa kiasi gani, kwa kununua na kwa kuuza? Na huko nyumbani itanunua debe ngapi za mahindi? Swali la tatu ndilo kubwa kupita yote, kwa maana halidanganywi na uzito wala na sufuri. Kisha majibu yaandikwe. Wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari.