Je, Tuache Kula Nyama?

Watu wengi huja hospitali na swali hili: Je, yafaa mtu aache nyama kabisa, ale mboga na maharagi tu? Mmoja amesikia kwa jirani kwamba nyama huleta ugonjwa. Mwingine ameweka nadhiri mbele ya Mungu. Mwingine asema, "Nyama ni ghali, heri niiache." Swali hili ni jema. Tulitazame polepole.

1. Kuacha si sawa na kukosa

Fika soko la Kituku asubuhi, pale mashua zinapotia nanga kutoka Minova, Kalehe na Idjwi. Utaona mihogo, ndizi, maharagi, mboga za majani na samaki. Sasa hesabu vyakula vilivyoliwa nyumbani mwako juma lililopita. Labda nyama ililiwa mara moja, au haikuliwa kamwe. Mtu wa namna hii hasumbuliwi na wingi wa nyama. Basi, kabla ya kuuliza, "Niache nini?" uliza, "Nitakula nini mahali pake?" Asiyejibu swali hilo asiache kitu bado.

2. Kazi ya nyama mwilini

Vyakula vina kazi tatu: kutia nguvu, kujenga mwili na kulinda mwili. Nyama ni chakula cha kujenga. Katika gramu 100 za maharagi makavu mna gramu 20 hivi za chakula cha kujenga. Katika soja makavu ni zaidi ya 30. Lakini katika unga wa muhogo hazipiti 2 au 3. Kwa hiyo fufu hushibisha tumbo, walakini haijengi nyumba ya mwili. Anayeacha nyama na kushika maharagi na soja hajapoteza mengi. Anayeacha nyama na kubaki na fufu na sombe kidogo amejidhuru.

3. Mtu mzima mwenye afya

Huyu aweza kuacha nyama bila hatari, akitumia akili. Tena kuna faida. Mwaka wa 2015 watafiti wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba nyama zilizotengenezwa, kama soseji, huleta kansa ya utumbo mpana. Lakini ashike mambo haya:

Ale maharagi, soja au karanga kila siku. Maharagi yalowekwe usiku, maji yamwagwe, kisha yapikwe hata yalainike.

Ale lengalenga au sombe pamoja na ndimu, chungwa au pera. Matunda hayo husaidia mwili kupokea madini ya chuma yanayotengeneza damu. Chai huyazuia, basi asinywe chai pamoja na chakula, angoje saa moja au mbili.

Sombe itwangwe na kuchemshwa sana, na muhogo mchungu ulowekwe siku kadhaa, maana una sumu. Sumu hiyo humdhuru zaidi mtu asiyepata chakula cha kujenga. Huko Kwango watu wengi wamelemaa miguu kwa ugonjwa uitwao konzo.

4. Kitu kimoja ambacho shamba halitoi

Kiko kitu kiitwacho vitamini B12. Damu na mishipa ya fahamu huihitaji. Haimo katika maharagi, wala majani, wala matunda. Imo katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Mwili huweka akiba yake katika ini, na akiba hiyo yaweza kudumu miaka. Kwa hiyo mtu huacha vyote, akajiona mzima, akasema, "Tazama, sina shida." Baadaye huanza kuchoka, miguu hufa ganzi, na damu hupungua. Basi ukiacha nyama, usiache mayai na maziwa. Ukiacha hata hivi, ni lazima upate vidonge vya B12. Uliza kwa muganga.

5. Wasioachishwa

Mtoto mdogo, mama mwenye mimba na mama anyonyeshaye wasinyimwe vyakula hivi. Mnajua ugonjwa wa bwaki: miguu huvimba, nywele hubadilika rangi, mtoto hukataa kucheza. Huwapata hasa walioachishwa ziwa na kulishwa muhogo au mahindi karibu peke yake. Mtoto anyonye tu mpaka miezi sita. Kisha, pamoja na maziwa ya mama, apewe uji wenye unga wa soja, yai, na sambaza zilizokaushwa na kusagwa. Sambaza ni ndogo, lakini huliwa nzima pamoja na mifupa, nayo hujenga mifupa ya mtoto. Samaki hawa hawakuwa wa Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika karibu na mwaka wa 1959, na leo ni msaada mkubwa kwa nyumba nyingi.

6. Dhamiri na amani ya nyumba

Danieli aliomba mboga na maji, naye akawa na afya. Lakini alikuwa kijana mzima, wala hakuwa mtoto wa kuachishwa ziwa. Paulo naye, katika Warumi sura ya 14, aliwaonya ndugu wasigombane kwa ajili ya vyakula. Basi, baba uliyeweka nadhiri, itimize katika sahani yako mwenyewe. Usiiweke katika sahani ya mtoto wako, ambaye hakuahidi neno. Na wewe ulaye nyama, usimcheke ndugu yako aliyeiacha.

Maulizo

1. Nyumbani mwako, chakula cha kujenga cha kila siku ni kipi?
2. Ni vyakula gani vyenye vitamini B12?
3. Mama mwenye mimba akikuambia ameacha nyama, samaki, mayai na maziwa, utamshauri nini leo?